Oili ya Pikapu Kuukuu

Jua la Muthetheni lilikuwa limekwea juu ya vilima, likiwaka kama tanuri. Uani kwa Onesmus, pikapu nyeupe aliyoachiwa na marehemu baba yake ilikuwa imesheheni maembe mpaka mbao za kando zikalia. Yalikuwa maembe ya familia saba. Mnunuzi aliyasubiri sokoni Matuu, na lori lake lingeondoka kwenda Thika saa kumi alasiri, yafike yasifike. Embe lililoiva halina subira. Siku mbili tu katika joto lile, na jasho la msimu mzima lingekuwa chakula cha nzi.

Pikapu hiyo ilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, na Onesmus aliipenda kama mboni ya jicho lake. Kwa ajili ya mapenzi hayo, jana yake alikwenda Machakos mjini akaulizia oili iliyo bora kuliko zote. Muuzaji alimpa ile inayotiwa magari mapya kabisa, nyepesi na angavu. Muuzaji hakumdanganya; ni Onesmus ambaye hakumwambia gari lake lilikuwa la mwaka gani. Alirudi nyumbani, akaimwaga oili ya zamani, akatia mpya, akalala usingizi wa pono.

Asubuhi hiyo alizunguka mashamba yote akipakia, injini ikapata moto sawasawa. Alipotaka sasa kushika njia ya Matuu, taa nyekundu ya oili ikawaka mbele yake. Ndani ya injini kukasikika ko! ko! ko! kama nyundo juu ya fuawe.

“Zima!” sauti ilipaa kutoka ng'ambo ya ua. “Zima sasa hivi!”

Alikuwa Mutanu, jirani yao, mama wa makamo aliyejulikana kijijini kwa ndengu zake tu. Wachache walikumbuka kwamba alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha oili huko Mavoko.

“Mwaitu, niache niende,” Onesmus alimsihi, akimwita mama kwa Kikamba. “Lori halitatungoja.”

“Ukienda hivyo hutamaliza hata kilima cha kwanza. Injini itanoki, ife kabisa.”

“Lakini hii ndiyo oili bora mjini kote!”

“Bora kwa nani?” Mutanu aliuliza, kisha akamgeukia mke wa Onesmus. “Kamanthe, nichemshie maji.” Akamwelekea kijana mmoja kati ya majirani waliokuwa wamekusanyika. “Na wewe Jeff, washa pikipiki yako ukaniletee galoni ya oili ya injini kule kwenye kinu cha posho.”

Jeff aliporejea, Mutanu alichukua mikebe miwili iliyolingana, akaitoboa chini kwa msumari mmoja na kuziba matundu kwa vidole vya Kamanthe na vya Onesmus. Alikuwa amezipasha oili zote mbili, ile iliyobaki ya Onesmus na ile ya kinu, katika maji ya moto. Akaimimina moja huku, nyingine kule.

“Achieni. Ninyi wengine hesabuni.”

Watu wakahesabu kwa sauti moja. Oili ya Onesmus ilichuruzika kama maji, ikaisha kabla hawajafika thelathini. Ile ya kinu ilishuka kama uzi mmoja wa dhahabu, mnene, usiokatika. Arobaini. Hamsini. Sauti zikafifia moja baada ya nyingine, kila mtu akiukodolea macho uzi ule. Ulipokatika, Mutanu aliikusanya mikebe.

“Injini mpya, vyuma vyake vimebanana, oili nyepesi ndiyo inayopenya,” Mutanu alieleza polepole. “Yako imelika, mianya imepanuka. Nyepesi ikipata moto inapita tu, haikai. Chuma kinakula chuma.”

“Baba alitia ipi?”

“Hii ya kinu. Miaka yote.”

Onesmus aliinamisha kichwa. “Na mimi nilidhani aliitia kwa umaskini.”

Wakaimwaga ile nyepesi, wakatia nzito. Onesmus aliwasha. Kishindo kilisikika mara tatu, kikapungua, kikatoweka. Taa nyekundu ikazimika. Kamanthe alifanya ishara ya msalaba. Onesmus aliteremka, akaweka kiganja juu ya boneti, akausikia mtetemo mtulivu kama wa ubavu wa ng'ombe anayecheua. Alimtazama Mutanu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwona.

“Mwaitu, miaka yote hii sisi tunakuuliza bei ya ndengu tu!”

“Hamkuniuliza lingine,” alijibu, akapanda kiti cha mbele.

Walivuka vilima vyote, Mutanu akiwa ameitegea injini sikio, wala taa haikuwaka tena. Waliingia Matuu saa kumi kasorobo, wapakiaji wakiwa tayari wanafunga turubai la lori. Wakalifungua tena. Embe la mwisho lilipopakiwa, Onesmus aliegemea pikapu yake na kushusha pumzi ndefu. Ama kweli, kila mlango na ufunguo wake.