Bi Mkiamwiko na Wanunuzi Wawili wa Manyoya

Paukwa!

Pakawa!

Mlioitika kwa sauti, kaeni mbele. Mlioitika kwa kunong'ona, jifunikeni vizuri, maana leo nawapeleka kwenye baridi.

Hapo kale, kale ya wazee wa wazee wetu, kulikuwa na nchi ya kaskazini ambako maji hugeuka jiwe nusu ya mwaka. Katika nchi hiyo kulikuwa na ziwa, na katika ziwa hilo walikaa biva. Biva humjui? Mwili kama panya buku aliyenenepa, meno kama patasi, mkia bapa kama mwiko wa kusongea ugali. Kazi yake ni kukata miti, kwaru kwaru kwaru, na kujenga ukuta wa kuziba mto mpaka mto uwe ziwa. Ziwa lile biva hawakulikuta. Walilijenga.

Mkubwa wao alikuwa jike mmoja, Bi Mkiamwiko. Hakuwa msemaji. Akipiga maji kwa mkia, pwaa, biva wote huzama. Akiibuka, wote huibuka. Nje ya ukuta, mto ulikoteremka kwenda baharini, waliishi fisi-maji, wanyama warefu wembamba wala samaki, na mkubwa wao aliitwa Mteleza. Biva walijenga, fisi-maji walivua. Hawakuwa na ugomvi.

Sasa, wanyama hawa wana manyoya ya aina mbili. Ya juu marefu, ya kuzuia maji. Ya chini laini kama pamba, ya kuzuia baridi. Kila barafu ilipoyeyuka, yale ya chini yalipukutika yenyewe, na wenyewe waliyaacha yapeperuke.

Siku moja, chubwi, chubwi, chubwi, kukasikika kasia. Alikuwa Jogoo, mgeni kutoka ng'ambo ya bahari, ndani ya mtumbwi wa magome, anaimba. Alipiga hodi kila nyumba. Aliwasifu watoto. Akaeleza kwamba kwao hakuna bwana anayealikwa karamuni bila kofia ya manyoya ya biva. Akaomba yale yanayopukutika, akatoa blanketi jekundu. Biva wakacheka mpaka wakakaa chini. Blanketi kwa takataka? Wakampa.

Mwaka wa pili akaja Simba, naye wa ng'ambo, ila si ng'ambo ya Jogoo. Akajenga nyumba ya mawe pale mto unapoingia baharini. Simba hakuimba wala hakutembelea mtu. Alikaa mlangoni pake, akatuma neno kwamba blanketi lake ni zito kuliko la Jogoo, anayelitaka alifuate. Fisi-maji walikuwa karibu naye, wakampelekea manyoya yao.

Hapo mambo yakaanza kuharibika. Jogoo alisimika nguzo ufukweni, akasema ziwa ni lake. Simba akasimika nguzo mtoni, akasema mto ni wake, na ziwa ni mto uliolala. Jogoo akaongeza blanketi, Simba akaongeza sufuria. Manyoya ya kupukutika hayakuwatosha tena. Wakaanza kuomba ya mwilini, kabla ya baridi. Nyonyoa kidogo tu, walisema. Blanketi litakufunika.

Bi Mkiamwiko alikuwa na mdogo wake, Mzamiaji, hodari wa kupiga mbizi, mpenda vitu vizuri. Mzamiaji akanyonyoa. Akarudi na mablanketi matatu, akatembea nayo ziwa zima. Lakini blanketi halijui maji. Baridi ilipoingia lilimlowa mgongoni, likaganda, likawa ubao. Wakamkuta asubuhi ufukweni, ameketi kama anayepumzika. Bi Mkiamwiko alimwita mara tatu ndipo akaelewa.

Hakulia mbele ya wenzake. Alipiga mkia mara moja, pwaa, akazama, akakaa chini muda mrefu.

Barafu ilipoyeyuka aliwakataza biva kunyonyoa. Jogoo akachukia. Akapita nyumba kwa nyumba akisema hiyo ni hila ya fisi-maji, kwamba Simba amekwisha kuwanunua. Kule chini Simba naye alimwambia Mteleza kwamba biva wamenunuliwa na Jogoo, watafunga mto na samaki wasishuke. Maneno yakaota meno. Mtoto wa fisi-maji aling'atwa. Biva mmoja akavunjwa mguu. Waliokuwa wakiombana moto sasa wakapitana kimya.

Mwisho Jogoo na Simba wakatangaza vita vya kumaliza ubishi, palepale ziwani, siku ya theluji ya kwanza. Jogoo akawaambia biva ndio watakaotangulia mbele. Simba akawaambia fisi-maji vivyo hivyo.

Bi Mkiamwiko akaondoka mchana kweupe, peke yake, akateremka mtoni hadi kwa Mteleza. Mteleza alimwuliza kama amekuja kupigana.

"Nimekuja kukuuliza, kaka," akasema. "Mimi nimemzika mdogo wangu. Wewe umemzika nani?"

Mteleza aliketi ukingoni. Kisha akajibu, "Mabinti wawili. Walinyonyoa."

Wakakaa pamoja. Mto ukapita, ukapita. Ndipo Bi Mkiamwiko akasema, "Wanapigania ziwa. Ziwa ni ukuta wangu tu, kaka. Ukuta ukiondoka, watapigania matope."

Aliporudi nyumbani biva walimpinga. Maji yakishuka, walisema, milango yetu itabaki wazi, na baridi i mlangoni. Walisema kweli, naye alikiri hivyo. Hakubishana nao. Alikwenda hadi kwenye gogo kuu la ukuta, gogo ambalo mama yake alilikata kwa meno yake mwenyewe, akaweka jino. Kwaru. Biva wakatazamana. Kwaru, akajibu mwingine. Kwaru kwaru kwaru. Mpaka jioni ukuta ulikuwa umesimama kwa mazoea tu.

Siku ya theluji ikafika. Jogoo akaja na mitumbwi arobaini. Simba akaja na mashua nzito, askari wake wakazibeba mabegani kuupita ukuta, wakazishusha ziwani. Jogoo akatafuta biva wa kutangulia, hawapo. Simba akatafuta fisi-maji, hawapo. Wote walikuwa chini, biva wakikata magogo, fisi-maji wakichimbua udongo, fuku, fuku, fuku.

Pwaa! Mkia wa Bi Mkiamwiko.

Ukuta ukaachia. Ziwa likanyanyuka, likageuka, likaondoka kwa kishindo kilichosikika umbali wa safari ya siku nzima. Mitumbwi ikakaa matopeni, ti, ti, ti. Mashua za Simba zikalala ubavu. Jogoo akataka kuruka, mabawa yamejaa tope. Simba akapiga hatua, akazama hadi tumboni. Theluji ikaendelea kuanguka, polepole, bila haraka yoyote.

Bi Mkiamwiko akapanda juu ya kipande cha ukuta kilichobaki. Mteleza akasimama kando yake. Bi Mkiamwiko akawaambia Jogoo na Simba kwamba biva na fisi-maji wanaweza kuziba ukuta, maji yakapanda, wageni wakaondoka kabla barafu haijafunga. Au wanaweza kukaa watazame. Wakitaka maji, wang'oe nguzo zao kwa mikono yao. Wanunue manyoya ya kupukutika tu, mahali pamoja, mbele ya wote, kwa bei moja.

Simba akamwuliza kama anajua anaongea na nani.

"Naongea na aliyekwama," akasema Bi Mkiamwiko.

Jogoo alikubali kwanza. Simba alisubiri mpaka theluji ikafunika masharubu yake, kisha naye akakubali. Biva na fisi-maji wakafanya kazi siku tatu bila kulala. Maji yakapanda. Wageni wakang'oa nguzo, wakaenda zao. Baridi ya mwaka ule ilikuwa ngumu, nyumba zilikuwa hazijakamilika, wakalala wamebanana, biva na fisi-maji chumba kimoja. Lakini kila mmoja alikuwa na manyoya yake mwilini, na hakufa hata mmoja.

Barafu ilipoyeyuka, wanunuzi wawili walirudi. Walipanga foleni kwenye jiwe moja, Jogoo mbele, Simba nyuma yake. Zamu ya Jogoo ilipofika aliinama karibu na sikio la Bi Mkiamwiko. Akamnong'oneza kwamba akimwuzia yeye peke yake, atampa mablanketi mawili mahali pa moja, na fisi-maji hawana haja ya kujua.

Bi Mkiamwiko akageuka, akamwita Mteleza asogee.

"Rudia, Bwana Jogoo," akasema. "Rudia vilevile, mwenzangu naye asikie."

Jogoo aliweka blanketi lake juu ya jiwe. Akapokea manyoya yake kwa bei ya wote, akaondoka bila kuimba.

Basi wanangu, na ninyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia, shikeni hili: anayekunong'oneza bei nzuri ili jirani yako asisikie, hanunui mali yako. Ananunua ujirani wako, na huo ukiisha kuuzwa, mali yako ataichukua bure.

Hadithi yangu imeishia hapo, naitua chini. Mwenye mabega na aibebe aende nayo kwao.