Sega la Mlangoni

Paukwa!
Pakawa!
Mzinga?
Wa mrina!
Na sega la ng'ambo?
La mwenye makucha!

Hapo kale, katika nchi ya milima yenye baridi, mbali ambako miguu yangu haijafika, warina asali waliishi jirani na dubu. Wewe hujamwona dubu, nami namshukuru Mungu sijamwona. Wanasema akitembea kwa miguu minne ni mpana kama fahali, akisimama kwa miwili kichwa kinaupita mlango. Hula mizizi, hula matunda, hula samaki, hula hata sisimizi. Baridi ikikaribia hula kutwa kucha, maana atalala pangoni miezi mitano bila kutia kitu tumboni.

Warina wale walikuwa na mwiko mmoja. Kila mavuno, sega la dubu liliachwa ng'ambo ya mto, na mrina alioga mtoni kabla ya kurudi kwake, ili harufu ya asali isivuke pamoja naye.

Sasa, alikuwapo mrina aitwaye Lubango, baba wa binti mmoja tu, Nyamizi. Wezi walikuwa wakimaliza mizinga yake. Akamwendea dubu, wakapatana: dubu alinde mizinga, Lubango amlishe.

Mwaka wa kwanza akamwekea sega mtoni, upande wa nyumbani, hakuvuka ng'ambo. Mwaka wa pili akamwekea shambani. Mwaka wa tatu akaona uvivu hata wa kutoka, akamtuma Nyamizi aliweke mlangoni. Dubu akala, akalamba na viganja vya mtoto, mtoto akacheka. Majirani walipomwonya, Lubango aliwaambia wana wivu. Mjinga yule!

Mwaka wa nne mvua haikunyesha, maua hayakuchanua, nyuki wakahama. Asubuhi moja dubu akaja, mbavu zinahesabika.

"Lubango, sega langu."

"Asali hakuna. Rudi msituni."

"Lubango, sega langu."

"Hakuna, ndugu yangu. Mizinga ni mitupu."

"Lubango, sega langu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa chakula hutoka mlangoni. Na harufu ya asali naisikia humo ndani."

Nyamizi alikuwa nyuma ya mlango, amevaa nguo ileile aliyokuwa akibebea masega. Mlango ulikuwa wa mianzi, haukungoja pigo la pili. Lubango alipiga kwa shoka, shoka likateleza kwenye manyoya. Watu walifuata nyayo hadi msituni, wakarudi na kipande cha nguo ya Nyamizi tu.

Tangu hapo, kila mwaka Lubango huvuka mto, huweka sega nono kuliko yote, huoga, hulia. Dubu hulipita wala haligusi. Huvuka mto, akaja kuketi mlangoni.

Mwonja asali haonji mara moja. Basi usimfundishe mwenye makucha njia ya kwako.

Ngano yangu imeisha. Ikiwa tamu, lambeni wote. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe. Na wewe uliyeketi karibu na mlango, mikono umenawa?