Beseni la Jana

Kulikuwa na mkamwana mmoja, mgeni katika nyumba ya mumewe, ambaye majirani walimsifu kwa haya. Mbele ya wakwe hakuinua macho wala sauti. Naye sifa hiyo aliipenda, maana ilimsitiri.

Siku moja wageni walijaa uani, watoto wakilia njaa. Wifi yake akapika mihogo. Nyuma ya jiko palikuwa na mabeseni mawili ya mihogo michungu, ile ambayo lazima ilowekwe siku tatu ndipo sumu iishe. Mkamwana alipopita kuchota maji, akaona beseni la siku tatu bado limejaa. Lililokuwa tupu ni lile alilolowekea mihogo mwenyewe jana.

Aseme, mbele ya wakwe wote wale? "Labda nimeona vibaya," akajiambia. "Na mimi nina haya."

Ndugu zangu, sisi tungesema?

Mama mkwe akaanza kupakua. Mtoto wa kwanza akanyoosha mkono. Hapo mkamwana akatambua kwamba kile kilichomziba mdomo hakikuwa haya hata kidogo. Ulikuwa woga, umejifunga khanga ya haya.

"Msile!"

Sauti ilitoka kubwa, hata yeye ikamshtua.

"He! Bubu wetu leo kanena!" wifi akacheka. "Utatufundisha kupika?"

"Wifi, umechukua beseni la jana."

Wifi akaenda nyuma ya jiko. Aliporudi, kicheko kilikuwa kimekwisha.

Mama mkwe akaifukia mihogo yote shimoni, hata kuku wasiipate, kisha akakaa kwenye kigoda. Mkamwana akangoja kukaripiwa.

"Mwanangu," mama mkwe akasema polepole, "mimi nilionja kipande jikoni. Kilikuwa kichungu. Nikasema, labda ni ulimi wangu tu, nisimwaibishe binti yangu mbele ya watu. Kunyamaza huko nikakuita heshima."

Watoto wakanywa uji, wakacheza mpaka jua likazama. Hakuna aliyeumwa tumbo.

Na sisi je? Woga wetu tumeuvika nguo gani? Mmoja anauita subira, mwingine anauita busara. Lakini sikilizeni: kesho yake mkamwana yule aliinamisha macho kama kawaida. Mungu hakumtaka awe simba. Alimtaka neno moja tu, kwa wakati wake.

Basi haya yetu tusiione aibu. Tutazame tu, tunapoinamisha macho, ni mtoto wa nani amenyoosha mkono kwenye sahani.