Vitambaa vya Kompyuta ya Kiboko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa bwawa moja lenye maji, na mbuga nzima yenye kiu. Niendelee?"

"Endelea, nasi tunakuangalia!"

Mbingu zilifungwa zikawa kama shaba, na wanawe Mama Korongo wakahema midomo wazi. Wanyama wakapatana: ambaye kompyuta yake itatangulia kugawa zamu za maji ndiye atakayeshika ufunguo wa bwawa.

Kiboko alikuwa na kompyuta mpya. Prosesa yake, yaani ubongo wa hesabu, iliitwa Radi. Nguchiro alikuwa na kompyuta kuukuu. Prosesa yake iliitwa Subira.

Mama Korongo, mwamuzi, akafumbua kinywa asome hesabu. Tii! Radi ikajibu.

"Mheshimiwa," akasema Nguchiro, "yako hujibu kabla ya kuulizwa?"

"Ndiyo mbio hizo, kijukuu!"

"Ajuaye lisilosemwa ni nabii. Mashine huambiwa kwanza."

Mama Korongo akamtazama Kiboko, akamtazama Nguchiro, asimwamini yeyote. "Kesho. Hesabu mpya, kutoka kinywani mwangu."

Jioni Nguchiro akabisha hodi kwa Kiboko, amebeba vitambaa alivyofuma mkewe, vile tunavyofunikia redio na runinga sebuleni.

Kiboko akavinusa. Akavikung'uta. Akavigeuza. Hakuna siafu, hakuna upupu.

"Unataka nini, we mdogo?"

"Nimeona haya, mheshimiwa. Kitu cha thamani kukaa uchi mbele za watu!"

"Na chako?"

"Changu maskini. Nani humvika maskini?"

Kiboko akacheka hata tumbo likatikisika. "Lete vyote. Hata hicho ulichokificha kwapani!"

Kesho yake Radi ikaja imevikwa kama bibi harusi. Mama Korongo akatoa hesabu. Vuuuu! Feni ya Radi ikazunguka, hewa isipate pa kutokea. Vuuu... vuu... vu. Maana prosesa ikishikwa na joto hujipunguzia mbio isije ikaungua. Nayo Subira, uchi kama siku ilipoundwa: te-te-te, te-te-te.

"Kimbia, we Radi!" Kiboko akanguruma.

Vu.

Te-te-te, tii! Subira ikamaliza.

Ole wake akivikaye kiburi chake mavazi, kwa maana ndani kinateketea! Kiboko akaketi mavumbini, akalia. Nguchiro akapokea ufunguo, akamhurumia. "Hata mdanganyifu ana koo," akasema. "Naye atakunywa."

Zamu zikaitwa kama Subira ilivyozigawa. Korongo, kisha Nguchiro. Swala, kisha Nguchiro. Kiboko, kisha Nguchiro.

Mama Korongo, wanawe wakingali na kiu, akainua mdomo kutoka majini. "Mwanangu, jibu lako nani alilihakiki?"

"Mama, mlipima mbio," akajibu Nguchiro, akipangusa ndevu. "Haki hamkuiuliza."

Hapo ndipo kisima cha ngano yangu kilipokauka. Mwenye kiu aichote, mwenye shaka aichuje. Nanyi, wapendwa, lishikeni funzo: zifunikeni kompyuta zenu vema, na ajaye jioni na zawadi msimtilie shaka kamwe.