Siwa ya Vumbuji na Jumba la Ngiri

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo anaitika huku anatafuna? Meza kwanza. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Na siwa!

Siwa ya nani?

— Ya wenyewe!

Haya. Lishikeni hilo la mwisho, msije mkaniuliza baadaye.

Hapo kale, mji wa Vumbuji ulikuwa na siwa. Pembe ya ndovu, ndefu kama mtoto wa miaka saba, pete tatu za shaba, na tundu moja ubavuni la kupulizia. Mfalme akifa, siwa hulia mara tatu. Mlio wa kwanza, aliyekufa anaachiliwa. Mlio wa pili, mpya anaketi. Mlio wa tatu, watu wanamwitikia labeka. Bila siwa hakuna mfalme, hata mtu ajifunge vilemba vinane.

Mpigaji wa siwa alikuwa bibi mmoja, Kazija binti Makame. Mungu alimpa pumzi nyingi na subira kidogo.

Siku moja Ngiri wakashuka na vita. Walikuja mikia juu, wakaondoka mikia juu. Wakabeba mikeka, wakabeba muhuri wa mfalme, wakabeba siwa.

“Tulipigana siku tatu!” akasema Diwani Mshamu, mkubwa wa baraza. “Damu ilifika vifundoni!”

“Ulipigana wapi, Mshamu?” akauliza Kazija. “Siku zote tatu ulikuwa mvunguni mwa kitanda changu. Uji nilikuletea mimi.”

“Nilikuwa nalinda kitanda, dada.”

Miaka ikapita, mfalme akafa. Mwanawe, Mwinyi Shali, akabaki kukaa kwenye ngazi, kando ya kiti kitupu. Akisema jambo, watu wanamtazama tu. Kisimani wanawake wakapigana ndoo, hakuna wa kuwaamua. Naye Kazija akajishika mashavu, akaona yameanza kulegea. Ile milio mitatu ilikuwa kifuani mwake peke yake. Hakumfundisha mtu, maana utamfundishaje mtu siwa bila siwa? Akifa yeye, Vumbuji ndiyo basi tena.

Baraza likakutana kuzungumzia safari ya kuifuata siwa. Likakutana tena. Likakutana mara ya tatu, likaunda kamati ya viatu vya safari. Kazija akavaa vyake, akaondoka.

Akaenda, akaenda, akaenda. Siku ya tatu akafika kwa Ngiri, kwenye jumba lao la chini ya ardhi.

“Shikamoo, shangazi!” akasema Sultani Ngiri. “Karibu sana, keti.”

“Marahaba. Nimefuata siwa yetu.”

“Siwa ipi?”

“Hiyo iliyo nyuma ya kichwa chako.”

Ilikuwa imetundikwa ukutani, juu chini, na kibao kimeandikwa: PEMBE YA KALE YA KUMIMINIA UJI. MALI YA MABABU WA NGIRI.

“Ahaa, hiyo! Tunaipenda mno,” akasema Sultani. “Lakini mambo yana utaratibu, shangazi. Lete barua yenye muhuri wa mfalme wenu.”

“Mfalme amefariki. Na muhuri ndio huo waziri wako anaobanjia karanga.”

“Poleni sana kwa msiba. Lakini bila barua...”

Mlangoni Kazija akakutana na Muhanga, amejaa vumbi mpaka kope. “Wamekwambia ni ya babu zao?” akauliza Muhanga. “Hata shimo hili nilichimba mimi. Niliondoka kwenda kula mchwa, kurudi nikawakuta ndani, wameingia kinyumenyume, makalio mbele. Wananiita mgeni wao!”

Kazija akarudi Vumbuji. Mwinyi Shali akaandika barua, akaibandika kidole gumba badala ya muhuri, akampa Kazija. Akaenda, akaenda, akaenda.

“Barua nzuri, mwandiko mzuri,” akasema Sultani Ngiri. “Ila shangazi, nyumba yenu ina kufuli? Sisi tunahofia usalama wake. Si mliwahi kuibiwa?”

“Na nani?”

Sultani akakohoa. Mawaziri wakakohoa.

“Hilo, shangazi, ni suala la kihistoria.”

Kazija akarudi tena Vumbuji. Akaenda, akaenda, akaenda. Mara hii kavaa kufuli saba shingoni, zinalia kwa kila hatua.

“Tumeshauriana,” akasema Sultani, kama mtu anayetoa figo. “Tutawaazima. Kwa siku saba. Weka saini hapa, na hapa, na hapa.”

“Mniazime siwa yangu?”

“Yetu,” akasema Sultani kwa upole.

Kazija akavuta pumzi. Akaitoa. Akavuta nyingine, akaitunza.

“Sawa, yenu. Basi ipigeni niisikie. Ikilia, naweka saini mnapotaka. Tena twendeni nje, humu ndani haigeuki.”

Wakatoka nje wote. Waziri wa kwanza akatia mdomo kwenye ule upande mpana wa pembe, akapuliza. Phuu! Ukatoka unga wa uji. Waziri wa pili akatia mdomo upande uleule. Phuu! Wakatoka buibui wawili. Sultani mwenyewe akatumbukiza uso mzima mpaka kwenye meno, akapuliza hata mkia ukatetemeka. Kimya.

“Imezeeka,” akasema kutoka humo ndani. “Siku hizi hailii.”

“Toa uso wako, mwanangu. Nyumbani mnaingilia nyuma, siwa mnapulizia nyuma!”

Kazija akaichukua. Akaifuta kwa pindo la leso. Akaipaka mafuta ya ufuta. Akaweka midomo kwenye tundu la ubavuni, akaiachia ile pumzi aliyoitunza.

Vuuuuuuum!

Mlio huo haukuwa wa mfalme, ulikuwa wa hasira. Ngiri nao hawajadiliani na sauti wasiyoijua. Mikia juu! Waziri wa kwanza kinyumenyume shimoni. Waziri wa pili kinyumenyume shimoni, muhuri ukamdondoka. Sultani kinyumenyume shimoni, akakwama mlangoni, pua nje.

Kazija akaokota muhuri, akaukung'uta maganda ya karanga. Akaitia siwa begani, akashika njia.

“Shangazi!” akaita Sultani. “Na saini je?”

“Hilo, mwanangu, ni suala la kihistoria.”

Muhanga alicheka siku mbili.

Huko Vumbuji, Diwani Mshamu alikuwa tayari na sanduku la msaji. “Siwa isipigwe!” akatangaza. “Itaibiwa tena. Tuifungie humu, kufuli saba, watu waitazame kupitia tundu la ufunguo.”

“Mshamu,” akasema Kazija, “nina miguu iliyovimba. Sanduku hilo ingia wewe, kujificha unakujua.”

Akapiga. Mlio wa kwanza, aliyekufa akaachiliwa. Mlio wa pili, Mwinyi Shali akaketi. Mlio wa tatu, mji mzima ukasema labeka, na kisimani wanawake wakapanga foleni. Kesho yake Kazija akakusanya mabinti saba akaanza kuwafundisha. Walipiga vibaya mno hata mbuzi wakahama mtaa. Hakujali.

Funzo ni hili: ukitaka kumjua mwenye kitu, usisome kibao, mpe akitumie. Na kitu kikirudi, msikifungie mkakipoteza mara ya pili.

Hadithi imekwisha. Kama ni tamu, gawaneni. Kama ni chungu, mpelekeeni Sultani Ngiri: ataitundika ukutani, na kesho mtasikia ni ya babu yake.