Bibi Mkawasi na Nyumba Yenye Mdomo

Paukwa!

Pakawa!

Nasema paukwa!

Pakawa, sema tusikie!

Basi sogeeni. Zamani, zamani sana, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji chini ya mlima. Mlima ulikuwa na msitu, na msituni kilishuka kijito. Chururu, chururu, chururu, maji maangavu juu ya mawe.

Kijijini hapo aliishi mjane mmoja, Bibi Mkawasi. Marehemu mumewe alikuwa mjenzi, na bibi huyu ndiye aliyekuwa akimsukia kuta na kumfungia paa. Kazi ya nyumba aliijua kwa mikono yake. Alikuwa na binti mmoja, Wakesho, aliyeolewa na mhunzi aitwaye Mwanjala. Kijiji kizima kililima kwa majembe ya Mwanjala.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Mama hakanyagi nyumba ya mkwewe, wala mkwe hakanyagi yake. Wakikutana njiani, huyu anageuza uso, na yule anageuza uso. Wakiwa na neno, husemeana wamepeana migongo. Na ikitokea mama mkwe akaingia, basi mkwe lazima atoke na watu wake wote, asirudi mpaka wazee waitakase nyumba. Ilikuwa aibu kubwa. Hakuna aliyekumbuka kuiona.

Bibi Mkawasi alikuwa na tabia yake. Kila alipokwenda kuteka maji, kabla ya kuzamisha kibuyu, aliinama, akageuza jiwe, akatazama. Chini ya mawe waliishi wadudu. Walikuwapo wenye mikia mitatu, wembamba kama uzi. Walikuwapo waliojijengea vijumba vya mchanga. Walikuwapo watoto wa kereng'ende, ambao siku yao ikifika hupanda kwenye majani na kuota mabawa. Wakesho alipokuwa mdogo alimuuliza, "Mama, unawatafutia nini?"

"Nawajulia hali," akasema. "Wao huishi katika maji haya kabla sisi hatujayanywa."

Mwaka mmoja akainama, akageuza jiwe, akatazama. Wenye mikia mitatu hawapo. Akageuza jingine. Hawapo. Mawe yalikuwa yamevaa matope laini kama uji.

Akafuata kijito, akapanda, akapanda, mpaka juu. Msitu aliouacha huko haukuwapo. Wahunzi walikuwa wameufyeka ili wachome makaa, na udongo mwekundu ulikuwa uchi. Na katikati ya udongo huo ulipita ufa mrefu. Akatia mkono ndani yake. Mkono ukazama mpaka kiwiko.

Akashuka hadi kwa Mwanjala, akasimama uani, akampa mgongo.

"Mwanangu, wadudu wa kijitoni wanakwisha. Mlima unamwaga udongo, na huko juu umepasuka."

"Nimekusikia, mama," Mwanjala akajibu, naye ametazama ukuta. "Lakini watu wanataka majembe, na chuma hakiyeyuki bila makaa. Nyumba yangu ni ya mawe. Mvua gani itaibeba?"

"Mawe hayo umeyashikiza kwa udongo. Yakianguka, yatamwangukia mtoto."

Wakesho wakati huo alikuwa mjamzito. Mwanjala alimheshimu mama mkwe wake, lakini kesho yake mashoka yalilia tena mlimani. Ka! Ka! Ka!

Bibi Mkawasi akaanza kujenga. Alichagua kigongo cha ardhi kilichoinuka. Akachimba mashimo yenye kina cha kiuno chake, akasimamisha nguzo za mti mgumu, akainua sakafu juu yake ili maji yapite chini. Kuta alizisuka kwa fito, akazifunga kwa kamba za mbugu, ili nyumba ikisukumwa ipinde isivunjike. Upande wa mlimani akapanga mawe makubwa, kuta mbili zinazokutana mbele kama mdomo wa ndege. Wanawake wenzake walimsaidia kubeba mawe, nusu kwa urafiki, nusu kwa huruma.

"Nyumba yote hii ni ya kikongwe mmoja?" watu waliuliza.

"Ni ya watakaokuja," akajibu.

Mvua za mwaka ule zikaja, zikanyesha, zikaisha. Mlima ukakaa kimya. Righa, mhunzi mwenzake Mwanjala, alipita pale akicheka. "Bibi, mdomo wa nyumba yako haujala kitu."

Bibi Mkawasi alicheka naye kidogo. Lakini usingizi ulimkimbia. Huenda nimekosea, aliwaza. Huenda nimewatia watu hofu bure. Kukicha akarudi kijitoni, akainama, akageuza jiwe, akatazama. Vijumba vya mchanga vilikuwa vitupu. Watoto wa kereng'ende hawapo. Walibaki minyoo wekundu tu, wakijikunja matopeni.

Mwaka uliofuata mvua haikupumzika. Ilinyesha leo, ikanyesha kesho, ikanyesha mpaka kuni zikaota ukungu. Asubuhi moja Bibi Mkawasi akachukua kibuyu chake, akashuka kijitoni. Alipokaribia akasimama. Hakusikia chururu. Tii. Maji yalikuwa hayafiki kifundo cha mguu. Mvua inamwagika, na kijito kinakauka.

Siku hiyo hakugeuza jiwe. Alijua kuwa huko juu udongo umeporomoka na kuziba njia, na maji yanajikusanya nyuma yake. Akatupa kibuyu, akakimbia jinsi kikongwe anavyoweza kukimbia, mpaka mlangoni kwa Mwanjala.

"Mwanjala, wachukue watu wako mpande kwangu. Kijito kimekatika."

"Mama, nitoke na mtoto mdogo kwenye mvua hii?" sauti ikajibu ndani. "Tungoje ipungue."

"Wakesho, mwanangu."

"Mama, amesema tungoje," Wakesho akasema.

Bibi Mkawasi akatazama kizingiti. Akaifikiria aibu. Akawafikiria wazee na watakayosema. Kisha akainua mguu, akavuka.

Mwanjala aligeukia ukuta, akajifunika uso kwa viganja. Bibi akaenda moja kwa moja hadi mekoni, akaketi.

"Mama, umefanya nini?" Mwanjala akanong'ona.

"Nimeingia. Sasa toka."

Mwanjala akamchukua mtoto, akamshika mkewe mkono, akatoka. Hakuwa na la kufanya. Na neno likaruka nyumba hadi nyumba: Bibi Mkawasi kaingia kwa mkwewe. Kaingia, kaketi. Watu wakatoka na mikeka vichwani. Wazee wakaja wamekunja nyuso. Naye akasimama, akapita katikati yao, akaanza kupanda kwenda kwake. Wakamfuata wote, huyu anamlaumu, huyu anamtukana. Yeye alizidi kupanda. Kila aliposikia tusi nyuma yake alijua mtu mmoja zaidi ametoka bondeni.

Righa peke yake alisimama katikati ya njia. "Nimesahau nyundo yangu," akasema, akarudi chini.

Walipofika, Mwanjala alimpandisha mkewe na mtoto ndani, yeye akabaki nje ya mlango, juu ya ngazi, akilowa kwa sababu ya desturi. Watu wakapanda ngazi mmoja mmoja, wakikimbia mvua. Bibi Mkawasi alikuwa wa mwisho.

Ndu.

Ndu-ndu.

Ndurururururu!

Mlima ukafunguka. Tope jekundu likaja na miti na mawe. Bibi alikuwa bado ngazini, miguu imekataa. Mwanjala akageuka. Akamtazama mama mkwe wake usoni, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akamkamata mkono, wakaanguka ndani pamoja.

Kwaa! Tope likapiga mdomo wa mawe. Kwaa! Likagawanyika, nusu kulia, nusu kushoto. Maji yakapita chini ya sakafu. Nguzo zikaguna, kuta zikapinda, fito zikalia kwii, kwii.

"Itashika, mama?" Wakesho akauliza, mtoto kifuani.

"Sijui," Bibi Mkawasi akasema. "Nimeijenga ishike."

Wakangoja. Kisha mlio ukapungua, ukapungua, ukabaki wa mvua tu. Walipochungulia, bonde lilikuwa tope tupu. Nyumba ya mawe ya Mwanjala haikuonekana hata jiwe. Wala Righa hakuonekana tena, na mkewe alimlilia mpaka sauti ikaisha.

Wazee walikaa kuzungumzia aibu ile. Walikaa sana, kisha mmoja wao akasema, "Tutatakasa nini? Nyumba haipo, na watu wapo." Wakainuka.

Mwanjala hakukata tena mti kwenye mteremko ule. Alichukua jembe alilolifua mwenyewe, akaenda huko kupanda miche, na wahunzi wenzake wakamfuata. Kijiji kikahamia juu ya kigongo. Bibi Mkawasi akawafundisha kuchimba mashimo ya nguzo na kufunga mbugu, akiwafungulia waliofunga ovyo, mpaka uzee ulipomlaza. Aliyembeba mgongoni siku zake za mwisho, akimtoa kuota jua, alikuwa mkwewe.

Basi, wanangu, mkiona viumbe wadogo wanatoweka mahali, msipite tu. Ulizeni kimewapata nini, maana mahali hapo ni penu pia. Na mkijenga nyumba, msijenge kwa ajili ya siku ya jua. Jengeni mkimfikiria atakayekuwa ndani siku iliyo mbaya kuliko zote.

Hadithi yangu naitua hapa, mzigo nimewaachia ninyi.