Maji ya Jumamosi

Mtu mmoja alikuwa na malori mawili, na kwa malori hayo alibeba majani ya chai ya vijiji vitatu huko Lupembe, kwenye milima ya baridi. Jina lake Mlowe. Majani ya chai hayana subira. Yakichumwa asubuhi lazima yaingie kiwandani siku hiyohiyo, la sivyo hupata joto ndani ya magunia, yakageuka mekundu na kutupwa. Aliyepakia gunia kwa Mlowe alikuwa amepakia siku yake nzima ya kazi, na Mlowe alilijua hilo.

Lori la kwanza watu walilibatiza Mjomba. Lilikuwa na umri wa miaka ishirini na ushee, na injini yake haikujua umeme zaidi ya ule wa kuiwashia. Pampu ya chuma ilisukuma dizeli, pedeli ilivuta waya, gia moja ikazungusha nyingine, basi. Likiumwa lilitoa moshi au liligonga, na Mlowe aliusikia ugonjwa wake hata akiwa mezani anakula. Mwaka mmoja bomba la dizeli lilipasuka katikati ya matope. Akalifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akafika. Habari hiyo aliisimulia mara nyingi mno, hadi mkewe akawa anamtangulia kuimaliza.

Lori la pili liliitwa Bi Harusi, kwa sababu lilikuja jeupe, na kwa sababu, walisema wenye midomo, lilitaka kubembelezwa. Injini ya hili iliongozwa na kompyuta. Nyaya nyembamba zilipita kila upande, na sensa, vipimaji vidogo vya injini, zilipeleka habari bila kuchoka: joto limefika hapa, mafuta yamefika pale. Lilikuwa na nguvu mara mbili ya Mjomba, na dizeli lilikunywa kidogo. Ni lori hili lililomwezesha Mlowe kuongeza vijiji viwili juu ya kile kimoja alichoanza nacho. Dereva wake alikuwa Kiswaga, mtu mtulivu, baba wa watoto wanne. Mlowe mwenyewe alibaki na Mjomba.

Sasa tazameni jinsi alivyoyapenda. Wakati wa masika barabara za huko ni uji mtupu, na malori hurudi yakiwa hayatambuliki rangi. Kila Jumamosi Mlowe alivaa buti za mpira, akawasha pampu ya maji, akainua kichwa cha lori na kuiosha injini kwa sabuni ya unga na maji ya kasi mpaka chuma kikang'aa. Mjomba alioshwa hivyo miaka yote, na hakuwahi kukosa Jumatatu. Bi Harusi alipofika, Mlowe, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alisema hakuna atakayemwonea mwenzake wivu. Akamwosha kwa pampu ileile na sabuni ileile, na kwa vile alikuwa mgeni, akamwongezea muda. Huo ulikuwa upendo, na asije mtu hapa akasema haukuwa upendo.

Jumatatu moja Bi Harusi aliishiwa nguvu kwenye mlima wa kuelekea kiwandani. Alitambaa kidogo, akazimika. Majani ya watu yakawa mekundu barabarani. Kesho yake aliwaka vizuri, akapanda mlima uleule kana kwamba jana haikuwapo. Mlowe aliona aibu mbele ya wakulima, na Jumamosi iliyofuata akamwosha Bi Harusi kwa bidii kuliko siku zote, akiingiza mpira wa maji hata kwenye vipembe ambavyo hakuwahi kuvifikia. Jumatatu, mlima uleule, akazimika tena.

Kiswaga alimfuata tajiri wake akamwambia, "Bosi, taa ya injini inawaka kabla hatujaufikia mlima. Jumatatu zote mbili imewaka."

"Mjomba hana taa," Mlowe akajibu, "na anafika."

Wakulima wa vijiji vile viwili walikutana. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Mlowe. Walimwambia kwa adabu kwamba lori likisimama mara ya tatu watatafuta mbebaji mwingine, maana mikono yao haiwezi kuchuma majani ya kutupa. Mlowe alihitaji kuwapelekea jibu, na jibu lililokuwa karibu naye lilikuwa ni mtu. Akasema Kiswaga analiendesha vibaya. Akamwachisha kazi mchana, mbele ya watu, na Kiswaga akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya gunia, akaenda zake kwa miguu.

Jumatatu iliyofuata Mlowe alimwacha Mjomba uani, akapanda Bi Harusi mwenyewe, na magunia yote nyuma yake. Kabla ya mlima, taa ikawaka. Injini ikapungua, lori likapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na Mlowe akawa analisukuma kwa kifua chake juu ya usukani, akimwita Mungu na akilitukana lori kwa pumzi moja. Aliingia kiwandani walipokuwa wanafunga mizani. Majani yalipokelewa kwa huruma ya mpimaji. Njiani akirudi alijua tayari kwamba Kiswaga hakuwa na kosa. Alijua, ndugu zangu, na hakwenda kumwambia. Ni vigumu kuipita njia ya nyumba ya mtu uliyemwonea, kwa hiyo akaanza kupita njia nyingine, na kosa akalihamisha kutoka kwa mtu akalitwika lori.

Alitangaza kwamba Bi Harusi anauzwa. Dukani na nje ya kanisa alisema kompyuta haina uaminifu, leo inakupenda na kesho inakukana, na kwamba chuma ni chuma. Watu waliitikia, kwa sababu maneno yalipendeza. Lakini kila mtu pale alijua kuwa Mjomba peke yake haviwezi vijiji vitatu. Kumuuza Bi Harusi ilikuwa ni kuviacha viwili, na kurudi udogoni akiwa na nywele nyeupe. Mlowe naye alilijua hilo, na usingizi ukamhama.

Akapatikana mnunuzi, naye akataka lori lipimwe kwanza. Fundi aliyetumwa alitoka Makambako, mwanamke anayeitwa Tumpe, amebeba mashine yake ndani ya mkoba. Alifika siku ya Jumamosi. Akamkuta Mlowe amevaa buti, mpira wa maji mkononi, anamwosha Bi Harusi ili apendeze machoni pa mnunuzi.

Tumpe hakutoa mashine. Alisimama kando, akatazama maji yakipiga nyaya na soketi zinazoziunganisha mpaka kazi ikaisha. Kisha akauliza lori lilisimama siku zipi. Alipojibiwa, akapanda kwenye bampa, akachomoa soketi moja ya injini na kuiinamisha juu ya kiganja cha Mlowe. Yakatoka maji, na nyuma ya maji ukatoka unga wa kijani, kutu ya shaba, kutu ya miezi.

"Mzee," alisema, "hili umelitunza kama lile. Hili si lile."

Mlowe alikasirika kwanza. Alisema hakuna lori wilaya nzima lililooshwa kama hili, na alikuwa anasema kweli. Kisha akaketi kwenye ngazi ya lori, kiganja chake bado kina maji ya kijani, na mambo yakaanza kumpangikia. Maji ya Jumamosi yalikuwa yanaingia kwenye soketi. Jumatatu sensa zilipeleka habari zisizoeleweka, na kompyuta, kwa kuogopa injini isiungue, ilikuwa inapunguza nguvu. Moto wa injini ulipokausha maji, Jumanne lori likapona. Kila Jumatatu lilikuwa limewasha taa kumwambia kwamba limeumia, na yeye aliihesabu taa kuwa matusi. Mjomba alimwagiwa maji yaleyale, ila hakuwa na mahali pa kuumia, na Mlowe alikuwa ameiita hiyo uaminifu.

Tumpe alibadilisha soketi tatu, akakausha nyingine kwa upepo, akazipaka grisi. Akamwonyesha namna ya kulisafisha kwa kitambaa na mkono. Mjomba, alisema, aendelee na maji yake, hana neno nayo. Mnunuzi akaambiwa lori haliuzwi.

Jumapili Mlowe alikwenda nyumbani kwa Kiswaga kwa njia ileile aliyokuwa ameikwepa. Alimkuta anapanda viazi na mkewe. Hakuanza na habari za mvua wala za watoto. Alisema amekosea, akaeleza habari ya maji yote hadi mwisho, akamwomba arudi. Mke wa Kiswaga aliendelea kulima, hakuinua kichwa. Alikuwa ameyasikia maneno ya kufukuzwa mbele ya watu, na haya ya toba yalikuwa yanasemwa shambani, wakiwa watatu tu. Mlowe aliliona hilo, akaahidi kuyarudia mbele ya magunia.

Kiswaga alichomeka jembe ardhini. "Nitarudi," alisema. "Lakini nikikwambia taa imewaka, shuka uangalie."

Jumatatu Mlowe alisema maneno yake mbele ya wakulima wa vijiji viwili, kisha Bi Harusi akapanda mlima na magunia yote, na majani yakafika mabichi.

Nawe unayesema kwamba nyumbani kwako umewapenda wote sawasawa, mmoja ukamsifu kwa kuwa hajawahi kulalamika na mwingine ukamwita dhaifu: huyo wa pili amekuwashia taa mara ngapi, na ni lini ulishuka ukaangalia?